Usafi wa mwisho wa mwezi usitugeukie kuwa chanzo cha homa ya mgunda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyosafisha mitaro ya mitaani hapa Dar es Salaam, hasa wakati huu ambapo masika yanakaribia na serikali za mitaa zinahimiza wakazi kujitokeza Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Usafi wenyewe siupingi. Ninachohoji ni jinsi unavyofanyika. Mtu huingia mtaroni na kandambili, au peku kabisa ili kandambili zisinase kwenye tope, akazoa kwa chepe, na chepe likikosekana kwa mikono mitupu, tope jeusi lililochanganyika na pampasi, chupa, maganda ya ndizi na mizoga ya panya, kisha akalimwaga papo hapo ukingoni. Ikifika saa nne mahudhurio yameshachukuliwa na watu wametawanyika. Tope hubaki likisubiri gari la taka ambalo hakuna aliyeliagiza, watoto wakicheza kando yake, mpaka mvua ya kwanza ilirudishe lilikotoka.

Tope hilo si uchafu wa kunuka tu. Panya anaweza kubeba bakteria wa leptospira, wanaosababisha homa ya mgunda, katika figo zake bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa, na kila anapokojoa huwaacha njiani. Kwenye maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu bakteria hao huweza kuishi kwa wiki kadhaa, na huingia mwilini kupitia macho, pua, mdomo, ngozi iliyolowa kwa muda mrefu au mchubuko wowote. Mwenye magaga miguuni, na mitaani kwetu tuko wengi, ameshawafungulia mlango. Dalili huweza kuanza siku 2 hadi 30 baadaye: homa ya ghafla, kichwa kuuma, macho kuwa mekundu, maumivu makali ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu. Kwa wakati huo nani atakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa mtaroni?

Wasomaji watakumbuka kwamba Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa huo wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako wagonjwa walikuwa na homa, uchovu na kutokwa damu puani. Katika wagonjwa 20 waliotajwa wakati ule, 3 walifariki dunia. Kabla ya vipimo kuthibitisha kwamba ni homa ya mgunda, watu walikwisha kuhofia Ebola na Marburg. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mashambani na kwamba Ruangwa ni mbali. Lakini katika miji kama Mumbai nchini India na Salvador nchini Brazil, ugonjwa huu huongezeka baada ya mvua kubwa, na wanaoathirika zaidi ni wakazi wa mitaa ya hali ya chini yenye mitaro iliyoziba, mitaa isiyotofautiana sana na mabonde yetu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba huenda wagonjwa tunao na hatuwatambui. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, ukihusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, ulionyesha kuwa asilimia 60.7 walidhaniwa na madaktari kuwa na malaria, ilhali walioonekana kuwa nayo kwa vipimo vya maabara walikuwa asilimia 1.6 tu; na miongoni mwa waliopimwa leptospira, asilimia 8.8 walikutwa na ugonjwa huo. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati, nalo ni jambo jema, ila kikionyesha kwamba hakuna malaria mgonjwa huambiwa ana taifodi, na mazungumzo huishia hapo. Homa ya mgunda hutibika kwa dawa za kawaida kama doksisaiklini na penisilini, mradi zianze mapema, kabla figo hazijaharibika.

Kuhusu sumu ya panya inayotangazwa kwa vipaza sauti mitaani kutwa nzima pamoja na ya mende na kunguni, nitasema kwa ufupi: inaua panya, na paka aliyemla panya huyo pia. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo maadamu ghuba la taka limefurika na mabaki ya chakula yamelala nyuma ya vibanda vya mama lishe, waliokufa watajazwa upesi. Panya hufuata chakula na maficho, na vyote viwili ni sisi tunaompa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na ada ya taka tunailipa. Sioni ugumu wa sehemu ya fedha hizo kununulia kila mtaa jozi chache za gambuti na glovu zinazotunzwa ofisini na kuazimwa siku ya usafi, wala ugumu wa bwana afya wa kata kuwaeleza wakazi, kabla hawajashika chepe, kwamba mwenye kidonda asiingie mtaroni na kwamba akipata homa baadaye amweleze daktari alikuwa wapi. Zaidi ya yote, ofisi za kata zitangaze mapema gari la kubeba tope litapita saa ngapi, na mtaa usiopangiwa gari uelekezwe kufyeka nyasi na kusafisha maghuba siku hiyo, mtaro usiguswe hadi gari lipatikane.

Msomaji wako,
Dar es Salaam