Mzigo Umeachiliwa kwa Masharti? Usikate Lakiri

Kwetu sisi tunaosaidia watu waliozuiliwa mizigo ya mimea, simu inayotutia hofu kuliko zote huanza kwa furaha. "Forodha wameniachia mzigo, nimeshaanza kuwagawia wateja." Tunamwomba mpigaji atusomee karatasi aliyopewa, na mstari wa tatu au wa nne tunakuta maneno mawili aliyoyaruka: kwa masharti.

Tuanze na kukamatwa kwenyewe. Mazao, mbegu au miche ikizuiwa, anayeshika mzigo ni forodha, lakini mwenye neno la mwisho kuhusu mimea kwa kawaida ni mkaguzi wa karantini ya mimea. Ndiyo maana kumfuata ofisa wa forodha kila asubuhi hakusaidii. Naye anasubiri jibu kama wewe.

Neno "marufuku" nalo hutumiwa ovyo. Kuna vitu vilivyokatazwa kabisa. Udongo, kwa mfano, nchi nyingi haziupokei, na mche wenye udongo kwenye mizizi huingia shimo hilohilo. Lakini wengi wanaotujia wakisema mzigo wao ni marufuku, tukichunguza tunakuta bidhaa inaruhusiwa, ila kibali cha kuingiza hakikuombwa, au cheti cha usafi wa mimea kina kasoro. Zao lilelile huweza kukataliwa likitoka nchi moja na kupokelewa likitoka nyingine. Likawa tatizo likiwa mbegu inayoweza kuota, na lisiwe tatizo likiwa unga.

Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi inayouza, kwa muundo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951. Barua ya muuzaji, hata iwe na mihuri mingapi, haichukui nafasi yake. Tunachokiangalia kwanza ni jina la kibotania na tarehe. Ukaguzi uliofanyika baada ya meli kuondoka haumridhishi mtu.

Halafu kuna mbao. Mteja ameagiza vipuri vya mashine, hana hata punje ya mbegu, na kontena limezuiwa kwa sababu ya majukwaa ya mbao (pallets) yaliyobeba makasha. Kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea namba 15 (ISPM 15) inataka mbao za kufungashia zipashwe joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zigongwe alama ya suke la ngano. Watu huiona kama usumbufu mtupu. Lakini mwaka 1996 mbawakawa wa Asia anayetoboa miti aligunduliwa New York, na inaaminika alifika ndani ya mbao za namna hiyo. Miti mingi ya mitaani ilikatwa kwa ajili yake.

Sasa, hayo masharti. Ukiachiliwa hivyo, unaweka dhamana, mzigo unahamia ghala lililokubaliwa, na sampuli zinakwenda maabara. Mpaka majibu yatoke, huuzi, huchanganyi, husagi, hupandi. Ofisi inaweza kukuamuru urudishe mzigo wote. Ukiwa umeuza nusu, dhamana inaliwa, na faini huweza kupita faida uliyoihesabu. Ghala ni lako na kodi unalipa wewe, lakini mzigo bado uko mikononi mwao.

Ukali wa lakiri, yaani muhuri unaofunga mzigo na usiofunguliwa bila mkaguzi, una sababu yake. Kuna mdudu wa nafaka aitwaye khapra ambaye lava wake hujificha kwenye nyufa na kukaa miaka bila kula. Fungua gunia moja tu lenye wadudu hao, na ghala lako lote linaweza kuhitaji kufukizwa dawa.

Majibu yakiwa mabaya, njia ni chache: kufukiza au kutibu kwa njia nyingine, kusindika chini ya usimamizi hadi mbegu isiweze kuota, kurudisha mzigo ulikotoka, au kuuteketeza. Gharama zote ni za mwagizaji, na si kila njia hutolewa kwa kila mzigo. Mara nyingine tunamshauri mteja akubali kuteketeza mapema, kwa sababu ada ya kuhifadhi inapanda kila siku na mzigo mdogo haustahimili. Hilo hawalipendi, tunawaelewa.

Kazi yetu ni kusoma notisi, kuandaa dhamana, kutafuta mfukizaji aliyesajiliwa na kuwepo siku lakiri inapofunguliwa mbele ya mkaguzi. Kesi za "jamani, kaongeeni nao tu" hatuzichukui.

Ukitupigia, anza kwa kutusomea tarehe ya mwisho iliyo kwenye notisi, kisha namba ya lakiri. Ankara na mengine tutayafuata baadaye.