Watahiniwa wa KCSE wapewe muda wao nyumbani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Malindi na Pwani kwa jumla, sana sana sisi wenye watoto wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na wanaosoma shule za kutwa na kurudi nyumbani kila jioni. Mitihani ya vitendo ni Oktoba, pepa za kuandika zinashika kasi Novemba, na muhula wa tatu wenyewe ni mfupi, ukigeuka tu umeisha. Kila mzazi nikikutana naye sokoni ananiambia ameshalipa tuisheni, ameshanunua pasti pepa, ameshamsomea mtoto dua, na yote hayo ni sawa kabisa, lakini nikimuuliza mtoto wako akitoka shule anapata saa ngapi za kukaa na kitabu chake bila kutumwa, hapo mtu anaanza kuhesabu na hesabu haiji.

Shida kubwa mimi naiona hapo. Gredi tunamdai mtoto lakini jioni yake yote tumeichukua sisi.

Mtaani kwetu kuna binti mtahiniwa, mama yake anauza viazi karai na bajia pale kando ya barabara. Huyu binti anafika nyumbani saa kumi na moja, hajavua hata sare anakuta vyombo vya mchana vinamngoja, akimaliza ni mitungi ya maji manake mfereji wetu unatoka siku ukitaka wenyewe, halafu ni kwenye karai la mafuta mpaka saa tatu unusu usiku. Nimemwona kwa macho yangu. Ameandika fomula za kemia kwenye kipande cha katoni amekibandika kwenye nguzo ya kibanda, mkono mmoja unageuza viazi na midomo inasoma taratibu, mteja akija anaacha anafunga viazi na pilipili anarudisha chenji anarudi kwenye ile katoni kuanza upya, na katoni yenyewe ishalowa mafuta mpaka wino umetambaa. Saa nne ndo anafungua daftari. Na muda wote huo kakake mkubwa yuko maskani na wenzake, hakuna aliyemtuma hata mkaa.

Mama yake si mtu mbaya, nawaomba msimhukumu, anahangaika peke yake na hivyo viazi ndo karo na ndo unga wa kesho. Nilikaa naye tukaongea, nikamwambia dada yangu huyu mtoto mpe miezi hii miwili tu, viazi vitauzwa na mwingine lakini mtihani hakuna wa kumfanyia. Tukamwita yule kaka pale pale. Sa hizi yeye ndo yuko kwenye karai na maji anachota yeye, binti akirudi anakula, anaoga, anapumzika, magharibi ikishaswaliwa anakaa na vitabu mpaka alale. Kaka alinuna siku za mwanzo, kisha akazoea, na wateja nao wakamzoea.

Nyumba nyingi zetu ziko hivyo, na wasichana ndo wanaoumia zaidi kwa sababu tumeshazoea kwamba jiko, maji na kubeba mdogo wake ni kazi ya msichana hata kama kesho ana pepa. Wavulana nao wana yao, huyu anaendesha bodaboda ya mjomba jioni, huyu anaingia baharini usiku na wavuvi anarudi alfajiri macho mekundu na sare iko begani, na Novemba ndo hiyo embe zinaanza kuiva na watalii wanaanza kuingia, pesa ndogo ndogo ziko kila pembe. Kijana akishazoea kushika pesa yake kila jioni kumrudisha kwenye hisabati ni kazi kweli kweli. Mjomba mwenye bodaboda aambiwe mapema, atafute mtu mwingine mpaka mtihani uishe.

Lingine ni usingizi. Sijui nani alitufundisha kwamba mtoto anayekesha ndo anayesoma. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri huu anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 mpaka 10 kila usiku, na akilala ndo ubongo unapanga na kuhifadhi yale aliyoyasoma mchana, kwa hivyo ukimsifu kwa kukesha mpaka saa nane za usiku unamsifu kwa kumwaga alichokichota. Alale saa tatu unusu, aamke saa kumi na moja unusu alfajiri, hapo kati ya magharibi na kulala ana karibu saa tatu nzima, na saa tatu za utulivu si kidogo. Jumamosi mchana mwacheni alale. Simu ikae chumbani kwa mzazi usiku, hilo halina mjadala.

Na hapa niseme wazi kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, manake tunanyamaza sana. Kaunti yetu ya Kilifi ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2024, kesi zikaenda mahakamani, sisi wazazi tukabaki kufuatilia habari za magavana na mawakili, huku watoto wanaambiana ati ukitafuna unasoma usiku kucha bila kusinzia. Usingizi utakimbia ndio, na baadaye mwili utaudai wote siku ya pepa. Mtoto akianza kutolala, hataki chakula, anaongea haraka haraka na mifuko ya suruali ina vijani vijani, kaa naye chini umuulize kwa upole.

Halafu wazazi wengi hawajui hata mtihani wenyewe unahesabiwaje, na bila kujua huwezi kumsaidia mtu. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya jumla inatoka kwenye masomo saba, hisabati ni lazima, lugha moja ni lazima, iwe Kiingereza, Kiswahili ama lugha ya ishara ya Kenya, halafu wanachukua mengine matano yale aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo mwanangu anayefanya masomo manane akawa fizikia inamlemea na hataki kozi yenye fizikia, mimi simpigii kelele, namwambia nguvu zako ziweke kwenye hisabati na kwenye yale unayoyaweza yakapande zaidi. Mtu mwenye ndoto ya uinjinia huyo ni hesabu nyingine, lazima aangalie masomo ya kozi yake. Kuingia digrii ni C+, diploma ni C-, na chini ya hapo kuna kozi za ufundi kwenye vyuo vyetu, fundi wa umeme, wa mabomba, upishi wa hoteli, na Malindi hii mtu mwenye ufundi wake hakosi kazi. Mkae na mtoto mzungumze hayo mkiwa mmetulia, mwalimu wa darasa yupo, muulizeni na yeye.

Maneno ya kutisha tuyaache. Sa hizi kuna huu usemi umeingia kila nyumba, ati mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaisha, ukianguka huna pa kurudi, wadogo zako wa gredi za mtaala mpya wanakuja kukupita. Ni kweli KCSE ya mwisho ya mfumo huo ni 2027, lakini mtoto afanye nini na habari hiyo saa mbili usiku akiwa na daftari mbele yake? Na ile ya kumtaja binamu aliyepata A- kila mkikaa kula, mtoto anaishia kusukuma sahani anaenda kulala. Mwingine kila Jumatatu anaumwa tumbo, mwingine kichwa, dawa hazisaidii, na ukimchunguza ni hofu tu imemkaa. Mimi siku hizi nauliza mambo mawili, umekula? kesho una nini? Akitaka kuongea zaidi anaongea mwenyewe, na mara nyingi anaongea.

Na tafadhali, kwa jina la Mungu, mzazi usitoe pesa kwa hawa wa Telegram wanaojidai wana pepa ya kesho. Wengi ni matapeli wanakula pesa yako wanakutumia pepa ya kubuni, mtoto anakesha nayo akaingia chumba cha mtihani amechanganyikiwa, na ikija kuonekana kuna udanganyifu baraza la mitihani linafuta matokeo, miaka minne inapotea. Kuna wazazi wanachangishana kwenye grupu za WhatsApp kwa ajili hiyo, wanaijua dhambi yake na bado wanaita ni kumsaidia mtoto.

Mambo madogo nayo yana uzito. Nakala ya ratiba ya mtihani ichukuliwe shuleni ibandikwe mlangoni ili nyumba nzima ijue kesho kuna pepa. Tokeni za stima ziangaliwe jioni kabla hazijaisha, si mtoto yuko katikati ya swali giza likaingia. Asubuhi ale, chai na mahamri na mbaazi zinatosha, hakuna haja ya chakula cha ajabu ambacho tumbo lake halijakizoea. Na kwa watoto wanaotoka mbali, wa huko Mambrui, Gede na vijijini ndani, nauli itafutwe na itengwe tangu sasa, wiki za mtihani mtoto asiwe anasimama barabarani kungoja lifti ya bodaboda ya jirani.

Mwisho ni kelele, na hapa nawaomba machifu na wazee wa mitaa watusaidie kwa sababu mzazi mmoja peke yake hawezi. Disko matanga, zile disko za usiku kwenye msiba, bado zinapigwa, spika zinafunguliwa saa mbili usiku mpaka alfajiri, mtaa mzima haulali na pale pale watoto wa kidato cha nne ndo wanaokwenda, wengine wasichana, na kila mtu anajua mimba ngapi zimeanzia huko. Harusi nazo spika zinaelekezwa barabarani kama zinauzwa. Kwetu sisi kulikuwa na harusi ya mdogo wangu ipigwe Novemba, tumekaa na upande wa bwana harusi wakaelewa, imesogezwa Desemba pepa zikishaisha zote. Wenye shughuli zisizoweza kusogea, basi muziki uzimwe saa tatu usiku, na chifu akitoa kibali asiandike tu tarehe, aandike na saa ya kuzima, kisha apite mwenyewe aangalie kama imezimwa.

Mama wa mtahiniwa,
Malindi