AC inagandisha barafu? Usikimbilie kujaza gesi

Joto la Dar likishapamba moto, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, simu nyingi tunazopokea ni za aina moja: "fundi AC yangu imeshika barafu, njoo uniongezee gesi." Kuja tutakuja, ila ngoja kwanza tuelezane maana hiyo habari ya kuongeza gesi imewamalizia watu hela na inaniuma kuona mtu analipa kila mwaka kwa tatizo ambalo halijawahi kuguswa.

Ukiona barafu zima AC. Usishushe remoti mpaka 16 ukidhani ndio itapoza, utaua kompresa bure, kwa sababu koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, ikishaganda ile gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji na kompresa kazi yake ni kusukuma gesi, sio kimiminika. Kama remoti ina sehemu ya feni peke yake iache hapo mpaka barafu iyeyuke yote, inaweza kuchukua masaa, tandika taulo na beseni chini. Usikwangue na kisu jamani, nyuma ya vile vibati vyembamba kuna bomba la gesi, ukilitoboa umejiongezea gharama.

Sasa inagandaje wakati nje ni nyuzi 32? Koili ya ndani ikiwa nzima inakaa juu ya sifuri, kama nyuzi 5 mpaka 12 hivi, hewa ya chumba ikipita pale inaacha unyevu, ndio yale maji yanayotiririka nje kwenye kimpira. Koili ikishuka chini ya sifuri yale maji yanaganda palepale, barafu inaziba hewa, hewa ikipungua koili inazidi baridi, na unyevu wa pwani ulivyo mwingi unaamka asubuhi ni bonge la barafu.

Kinachoishusha mara nyingi ni hewa kutopita vizuri, na hapo gesi haina kosa lolote. Filta imejaa vumbi, au filta safi ila feni ya ndani, ile ndefu ya mviringo, imeshika uchafu kwenye kila panga lake mpaka haisukumi kitu. Hii watu wengi hawaijui kwa sababu haionekani mpaka umulike na tochi ya simu pale hewa inapotokea. Wanaosha filta, wanapuliza kidogo mbele, wanaita sevisi, wiki mbili barafu imerudi. Wakati mwingine ni mota ya feni imechoka, au sensa ya koili haisomi sawa.

Halafu kuna gesi yenyewe. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, inazunguka tu humo ndani, ikipungua ujue kuna mahali inavuja au aliyefunga hakuweka ya kutosha. Nyumba moja Kigamboni karibu kabisa na bahari, mama alikuwa anajaziwa tu gesi, kila fundi anakuja na mtungi anajaza anaondoka. Tulipofunua ile sponji ya bomba nyuma ya mashine ya nje tukakuta nati ina doa la mafuta limeshika vumbi jeusi, hiyo ni dalili kubwa kwa sababu gesi ikivuja inatoka na oili ya kompresa. Tukapaka povu la sabuni, vikaanza kutoka vipovu vidogo sana, taratibu, kimoja kimoja. Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa. Tukakata, tukatanua mdomo upya, tukapima uvujaji kwa presha ya naitrojeni, tukavuta vakyumu yaani kutoa hewa na unyevu wote ndani ya bomba, ndio tukaweka gesi kwa mzani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa R410A na R32, hizi ni aina za gesi ya AC, mzani ni lazima, kukadiria kwa geji ya presha peke yake hasa kwenye inveta, zile AC ambazo kompresa inabadilisha kasi yenyewe, unaweza kudanganyika.

Na tafadhali sana, ukimuona fundi anataka kupima uvujaji kwa mtungi wa oksijeni mzuie, oksijeni ikikutana na oili kwenye presha inaweza kulipuka. R32 nayo inaweza kushika moto, hakuna kuchomelea bomba lenye gesi ndani.

Kabla hatujaja tutumie picha WhatsApp barafu ikiwa bado ipo: koili ya ndani, mabomba mawili pale kwenye mashine ya nje, na kibandiko cha ubavuni. Barafu ikiwa kwenye bomba jembamba mara nyingi gesi imepungua, ikiwa imefunika koili nzima mpaka bomba nene tunaanza na hewa na tunakuja na mashine ya kuoshea. Ukishapiga picha, zima AC, tukute imeshayeyuka maana koili iliyoganda haipimiki.