Barua kwa Mama Furaha kuhusu maduka yetu ya Goma

Nairobi, 14 Septemba 2025

Mama Furaha, ndugu yangu,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Na mguu wa mzee, umepata nafuu? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Barua hii nampa mpwa wangu anayepanda basi la Kigali kesho. Akifika Gisenyi, upande wa Rwanda, atavuka mpaka pale Petite Barrière na kukupa mkononi. Amebeba pia bahasha ndogo ya matumizi, ipokee bila ubishi. Uliniambia kwamba tangu mji uchukuliwe na waasi wa M23 Januari na benki zikafunga milango, hata mwenye akiba anaishia kuitaja tu kwa mdomo.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo lenyewe ni refu, na nataka ulisome ukiwa umekaa. Nimepata daftari la baba.

Unalijua. Lile la jalada gumu la bluu lililokuwa juu ya meza ya studio yake ya picha, penseli imefungwa kwa uzi pembeni. Tulipomaliza matanga mwaka jana, kaka alitia vitu vya baba kwenye sanduku la bati akaniletea, nami sikuwa na moyo wa kulifungua. Juzi nimelifungua. Daftari linaanza Machi 1979 na kuishia Desemba 2001. Kila picha aliyopiga ina mstari wake: namba, tarehe, nani, watu wangapi, nakala ngapi, amelipa au bado. Picha zenyewe hakuna hata moja.

Ile Alhamisi ya 17 Januari 2002 huna haja nikukumbushe. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ulipasuka asubuhi, na si kileleni, bali ubavuni upande wetu, na alasiri moto ulikuwa umeshaingia mjini. Nilimfuata baba studio tuondoke. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba, analitazama kabati la negativu. Kabati lile la mbao lilikuwa na miaka yote ya mtaa wetu, kila ukanda wa filamu ndani ya bahasha yake ya kaki, bahasha zimepangwa kama sahani. Lilihitaji wanaume wanne kulibeba, na wanaume wote walikuwa wameshapakia watoto na magodoro. Kamera ilikuwa karibu na mlango, juu ya miguu yake mitatu. Akaipita. Akachukua daftari, akalitia ndani ya koti, tukaondoka na wenzetu kuelekea Gisenyi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu kimoyomoyo kwa ajili ya ile kamera. Sasa ninavyosoma, mstari kwa mstari, naona alijua anachokifanya. Mtaa mzima umo humu.

Mle ndani kuna lile duka tuliloliita kwa Mgiriki, ingawa mimi na wewe hatukuwahi kumwona Mgiriki mwenyewe. Baba alinisimulia. Rais Mobutu alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, kama tulivyoitwa Wakongo wakati ule, na aliyepewa lile duka aliuza kila kilichokuwa rafuni bila kujua kingine kinaagizwa wapi. Miaka mitatu baadaye serikali ikawaambia wenyewe warudi, lakini wengi walikuwa wameshaondoka moja kwa moja. Sisi tulikuta chumvi, sabuni, sardini za kopo, na rafu ndefu tupu zilizofika darini. Wewe uliniambia siku moja kwamba duka lile linanuka jibini, na mimi nikabisha kwa kuwa hakukuwa na jibini. Sasa naamini pua yako. Mbao zile zilikuwa zimebeba jibini kwa miaka mingi kabla yetu.

Fundi cherehani wa barazani yumo mara tisa, kila mtoto wake alipobatizwa. Muuza vinyago yumo. Farmasia imo mara moja tu, siku ilipopakwa rangi. Hao nisikuchoshe nao.

Watu wa hapa Nairobi nikiwaambia natoka Goma wananipa pole. Vita ndivyo wanavyovijua. Nawaambia kwetu watu walikuja kupumzika. Ziwa Kivu halina mamba, halina kiboko, mtoto anaoga mpaka vidole vinajikunja. Usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, majini, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, na ukinyamaza unasikia wanaimba. Wageni walifika kwa ajili ya gorila wa milimani na kuupanda Nyiragongo, wakishuka wamechoka wanakaa mbele ya ziwa wanakula sambaza za kukaanga. Hadithi hii wengine hawaisadiki. Lakini daftari linayo: “Wazungu 2, mbele ya ziwa, nakala 2.” “Wazungu 4 na mpagazi.” Mwaka 1985 na 1986 mistari ya namna hiyo imejaa kurasa, na nyuma yake unawaona wenye kula kwa hao wageni: dereva wa teksi na gari lake jipya, wapishi wa hoteli wamevaa kofia nyeupe, kijana aliyekodisha makoti ya kupandia mlima.

Halafu wanapungua. Hakuna siku moja unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema ni hapa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini unafungua kurasa tatu kabla ya kumkuta Mzungu mmoja. Kisha Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka laki kwa laki ndani ya siku chache, maandishi ya baba yanabadilika kabisa. Ni picha ndogo za vitambulisho tu, nne nne, mamia yake: madereva wa mashirika, walinzi, wakalimani, wauguzi. Studio haikuwahi kupata fedha kama mwaka ule. Baba hakupenda kuuzungumzia, na katika ukurasa mmoja wa Agosti hakuandika namba wala majina. Ameandika neno moja, kipindupindu, akaruka hadi ukurasa mwingine.

Hoteli zilijaa, lakini si za watu wanaopumzika. Nyumba za kando ya ziwa zikapangishwa kwa dola, na duka lililouza vitambaa likawa ofisi yenye antena juu ya paa. Mimi nadhani mtaa wetu ulianza kufa hapo, kabla ya moto kuukuta. Najua wewe huoni hivyo. Umeniambia mara nyingi kwamba tungeendelea, kwamba watu wa Goma hawashindwi. Lakini niangalizie hili: kati ya 1995 na 2001, katika daftari hili, hakuna hata picha moja ya duka jipya linalofunguliwa. Zamani kila afunguaye duka alimwita baba, wakasimama mlangoni familia nzima na viatu vipya.

Sasa nifike kwenye bekari, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nakumbuka ukuta wake kuliko mkate wake. Tukienda shule asubuhi, baridi ile ya kwetu inayoshuka mlimani, tulikuwa tunasimama upande wa nyuma, mahali tanuri lilipogusana na ukuta, tunaegemeza migongo. Walianza kuoka usiku, kwa kuni za mikaratusi, na kufikia saa kumi na mbili matofali yalikuwa na joto la mwili wa mtu. Sweta langu lilinuka moshi na hamira hadi saa sita. Kisha tunazunguka mbele, kwenye dirisha, na mama yako yuko pale na kitambaa chake kichwani, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Anachukua mkate uliovunjika, anaukata mara mbili juu ya goti lake, anatupa kila mtu nusu ndani ya kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Hakuwahi kutuuliza fedha. Mpaka leo sijui kama alikatwa mshahara kwa mikate ile.

Tuliporudi kutoka Gisenyi baada ya siku chache ardhi bado ilikuwa inachoma kupitia soli. Mvua iliponyesha mtaa mzima ulitoa mvuke kama sufuria. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limeungua, theluthi ya njia ya kurukia ndege imefunikwa, na zaidi ya watu laki moja hawana pa kulala. Sisi tulitafuta bekari na hatukuiona mahali pa kuanzia kuitafuta. Mawe meusi yalikuwa yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, yamepanda kuliko kimo cha mtu. Jengo la ghorofa lililokuwa jirani ndilo lililotuonyesha, kwa sababu ghorofa yake ya juu ilibaki, na mwenyewe alitoboa mlango pale palipokuwa dirisha akaendelea kuuza. Watu wakatandaza kokoto juu ya mawe, wakajenga upya kwa mawe yaleyale. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikapita juu ya vichwa vya maduka yetu.

Uliniambia mwezi wa sita kwamba mjukuu wako anauza vocha za simu pale kona, chini ya mwavuli. Nimepiga hesabu kutoka jengo lile la ghorofa. Mama Furaha, mtoto huyo ameweka kiti chake juu ya tanuri alilofanyia kazi mama yako, mama wa bibi yake. Mwambie. Najua ana haraka na maisha ni magumu, lakini mwambie hata kama hatasimama kusikiliza.

Ombi langu ni hili. Namba 2217, tarehe 3 Agosti 1984: “Bekari, wafanyakazi 6, mlangoni, nakala 7.” Imelipwa yote siku ileile. Wafanyakazi sita, nakala saba. Ya saba nadhani ilitundikwa dukani, na hiyo imeungua. Lakini zile sita zilitawanyika majumbani, na si nyumba zote zilikuwa njiani mwa moto. Nyumba yenu ya Katindo ilipona. Mama yako hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

Baba hakuandika majina ya hao sita. Nakumbuka mama yako, na yule mzee mwokaji mkuu aliyekuwa na kovu la kuungua kwenye shavu, na kijana wa kubeba kuni aliyekuwa anakuchekea wewe. Watatu wengine wamenipotea. Mwendee fundi cherehani kabla mvua hazijachanganya, umri umemwendea, lakini uliniambia akili yake bado ipo. Muulize pia mlango wa bekari ulikuwa rangi gani, maana mimi naona kijani na kaka anasema bluu.

Kisha fungua lile sanduku la vitenge la mama yako, la chini ya kitanda, lile ambalo hukutaka kuligusa tangu alipotutoka. Nakujua, utasema kesho. Fanya taratibu, mwite Furaha mkae naye. Ukikuta picha ya watu sita mlangoni, usihangaike kuwatambua kwanza. Igeuze. Baba alikuwa anaandika namba kwa penseli nyuma, kona ya chini mkono wa kushoto, ndogo sana.

Ndugu yako akupendaye,
Mama Baraka