Pikapu ikizama, msipige stata

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika kwenye ukurasa huu kwamba mvua ikianza Nairobi, sisi mafundi wa magari hutoa meno nje. Pikapu yake ilizimika ndani ya maji, ikakokotwa hadi gereji, na fundi akasema injini ifunguliwe yote. Akalipa huku moyo ukimuuma. Kinachomkera zaidi ni jirani yake: pikapu ya aina ile ile, maji yale yale, jioni ile ile, lakini jirani alibadilishiwa oili na vichujio tu, na kesho yake alikuwa barabarani. Kwa hesabu ya msomaji wetu, fundi wake ni mwizi.

Mimi ni fundi wa dizeli, Kariobangi Light Industries. Pikapu hizo sikuziona na simtetei mtu nisiyemjua. Ila kabla ya kumwita fundi mwizi, ningependa kujua kila dereva alifanya nini gari lilipozimika.

Hilo ndilo ninalouliza kila pikapu iliyolowa inapokokotwa hadi kwangu. Maji yalifika wapi, hilo nitajionea mwenyewe kwa alama ya tope. Ninachotaka kusikia kwa mdomo wa dereva ni kama alipiga stata, yaani alijaribu kuiwasha tena, baada ya kuzimika. Wengi hujibu, “Kidogo tu, fundi, nione kama itashika.” Hapo huwa naagiza kijana wangu alete spana za silindahedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya kumi na saba au hata ishirini ya ujazo wake wa kwanza. Hewa hiyo hupata joto kali, nozeli ikarusha dizeli, moto ukawaka. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali hata kidogo. Silinda ikishameza maji, pistoni hupanda ikakutana na kitu kisichosogea, na kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni. Hupinda. Mbaya zaidi ni pale maji yanapoingia silinda moja tu. Dereva akipiga stata, zile tatu nyingine hushika moto na kuilazimisha ile ya nne izunguke na maji yake. Injini huwaka, inagonga kidogo, inatoa moshi, mwenye gari anamshukuru Mungu na kupakia mizigo. Konrodi iliyopinda haidumu. Itakatika akiwa safarini, itoboe bloku, na hapo hakuna tena habari ya kutengeneza. Ni kutafuta injini ya mtumba kutoka Japani.

Gari lililozimika na kuachwa hivyo hivyo ni kazi tofauti kabisa. Tunatoa waya hasi wa betri. Tunafungua kikasha cha chujio la hewa, na karatasi yake ikiwa kavu tayari tumepumua. Ikiwa imelowa, tunatoa nozeli au hita plagi (zile za kupasha silinda joto), tunatia spana kwenye nati ya puli ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kuizungusha kwa mkono, polepole. Maji yanaruka nje kupitia yale matundu, na hakuna kilichovunjika. Oili tunaimwaga, tunatia mpya, injini inanguruma dakika chache, tunaimwaga tena hata kama bado inaonekana safi, pamoja na chujio lake. Bili ya jirani wa msomaji wetu inafanana sana na kazi hii.

Simlaumu anayewasha. Aliyepakia sukumawiki kutoka Kinangop na anatakiwa soko la Marikiti kabla ya saa kumi alfajiri hana muda wa kusikiliza habari za konrodi. Tena hapo kwenye maji hayuko peke yake. Vijana wametokea na kamba, suruali zimekunjwa hadi magotini, kila mmoja ni fundi: “Washa, mdosi! Kanyaga mafuta!” Wanataka gari litoke ili walipwe, na ni haki yao, wamelowa. Lakini atakayebaki na injini ni wewe. Walipe wasukume. Ufunguo utie mfukoni.

Wapo pia wanaoniambia pikapu iko juu, haiogopi maji. Kitabu cha Hilux ya miaka ya karibuni kinataja kina cha sentimita 70, na cha Ford Ranger kinataja 80. Hayo ni maji yaliyotulia, gari likienda mwendo wa mguu, juu ya njia ambayo dereva anaijua. Ukiingia kwa kasi, wimbi linapanda boneti na kumwagika moja kwa moja kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Na maji yanayokimbia ni habari nyingine kabisa, maana sentimita 60 za mkondo zinaweza kuibeba pikapu na mzigo wake. Aprili 2024, Barabara ya Thika na Barabara ya Mombasa zilipofunikwa na maji, tulipokea hata magari ya watu waliokuwa wamemfuata tu aliye mbele. Aliye mbele naye alikuwa akibahatisha. Sina la kusema kuhusu mitaro na mifuniko iliyoishia kwa wauza vyuma chakavu. Wengine wameshaandika na wataandika tena mwakani.

Sasa nigeukie tope, kwa sababu watu huogopa maji na kudharau tope. Pikapu ikitoka mtoni hupelekwa mahali pa kuoshea magari, inapigwa maji ya presha, rangi inang’aa, mwenyewe anaridhika. Kumbe uozo uko ndani. Juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Difu ikiwa na joto la safari ndefu halafu itumbukie ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa, na difu huvuta maji kupitia kitundu hicho au kupitia sili za ekseli. Giaboksi hali kadhalika. Dereva hatasikia lolote siku hiyo. Oili na maji vitakorogana hadi vifanane na chai ya maziwa, na chai haijawahi kulainisha meno ya gia. Baada ya muda difu inaanza kulia, na kufikia hapo mwenye gari ameshasahau kwamba aliwahi kuingia majini. Atasema vipuri vya siku hizi ni feki.

Beringi za magurudumu zinameza mchanga. Drami za breki za nyuma zinajaa tope linalokauka na kula breki shuu. Krosi za propela zinapoteza grisi. Klachi ikiachwa wiki bila kuguswa, diski yake inashikana na flaiwili kwa kutu. Rejeta ikizibwa na tope katikati ya mapezi yake, injini itachemka kwenye mlima wa kwanza, na fundi mvivu atakuuzia thamostati usiyoihitaji. Alteneta na stata zikinywa tope, zifunguliwe, zisafishwe na kukaushwa kabla ya kuunganishwa betri. Plagi za nyaya nazo ni hadithi ndefu: zinaota kutu ya kijani pole pole, na taa inayowaka leo itakataa mwezi ujao. Kwenye tangi, maji hukaa chini ya dizeli. Pampu na nozeli za injini za kisasa, zinazofanya kazi kwa presha kubwa mno, haziwezi kuvumilia hata matone. Tangi lishushwe, lisafishwe. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kila tope lina asili yake. Likiwa jekundu ndani ya chesisi, gari lilikwama pande za Kikuyu au Kiambu, na hilo hutoka kwa maji bila ubishi mwingi. Jeusi la Njiru, Ruai na Utawala linavimba likilowa, linakauka kama saruji, na tunalichokonoa kwa bisibisi. La Mto Ngong pale Mukuru huja na maji taka, na mara kwa mara na mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, lakini mimi bado naikuta imejisokota kwenye feni za rejeta. Sijui inanunuliwa duka gani.

Msomaji wetu ana haki upande mmoja, na sitaki aonekane mjinga. Wako mafundi wanaotumia neno “maji” kufungua injini isiyohitaji kufunguliwa. Mteja haoni ndani, anaogopa, analipa. Dawa yake ni kudai uonyeshwe. Kabla injini haijafunguliwa, taka uone chujio la hewa na oili inayomwagwa. Taka kila silinda ipimwe kompresheni, yaani nguvu yake ya kubana hewa, mbele yako. Konrodi iliyopinda kwa kawaida haiifikishi pistoni mahali pake pa juu, kwa hiyo silinda hiyo husoma chini ya wenzake. Ikifunguliwa, vipuri vilivyotolewa ni vyako, uvichukue nyumbani hata kama huna pa kuviweka. Fundi akikuambia vimeshatupwa, hapo muwe na mazungumzo.

Kuhusu bima sitasema mengi. Ile ya lazima kisheria humlipa uliyemgonga, injini yako iliyokunywa maji haiihusu. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako, nyingine hugharamia mafuriko na nyingine mpaka uongeze ada, kwa hiyo isome sasa, mbingu zikiwa kavu. Piga picha gari likiwa bado kwenye maji. Na mkaguzi akikuta konrodi zimepinda, usishangae akiuliza nani alipiga stata.

Kuna jambo ambalo msomaji hakuligusa, nami linanikera kuliko bili yake. Pikapu nyingi zilizozama huwa hazitengenezwi. Huoshwa, viti vikashonewa vitambaa vipya, zikapelekwa yadi ya kuuzia magari. Mteja wangu mmoja, mama anayesambaza mayai Kayole na Umoja, alinunua moja kwenye yadi ambayo sitaitaja, Mhariri, usije ukashtakiwa kwa sababu yangu. Nje ilikuwa nzuri kweli. Alikuja kwangu kwa sababu kioo cha mlango kilikuwa kikipanda na kushuka kinapojisikia. Nilifungua ngozi ya mlango nikakuta tope jeusi limejaa hadi kwenye mota. Chini ya kiti, skrubu zote zilikuwa na kutu. Mama wa watu aliketi kwenye tairi kuukuu akaniuliza, “Sasa hii pesa yangu ya chama nimeitupa wapi, mwanangu?” Logibuku, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa safi, kwa maana logibuku haina mahali pa kuandika kwamba gari lilizama. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Yadi ile labda haijakifikia kifungu hicho.

Kwa hiyo ukienda kununua, usipige magurudumu teke kama watu wa sinema. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, maana hakuna anayekumbuka kuosha sehemu inayojificha ndani ya nguzo. Inua kapeti uguse sponji iliyo chini. Angalia ndani ya taa za mbele kama kuna mstari wa maji. Pitisha kidole ndani ya matundu ya chesisi. Na gari la mizigo likiwa limepuliziwa manukato mengi, muulize muuzaji anaficha harufu gani. Muuzaji akikataa uende na fundi wako, rudi nyumbani na pesa zako.

Mamlaka inayosajili magari ingeweza kutusaidia kwa jambo dogo: gari lililolipwa na bima kwa sababu ya mafuriko liwekewe alama kwenye rekodi yake, ionekane wakati wa kubadilisha umiliki. Sehemu kubwa ya shughuli hiyo siku hizi hufanyika mtandaoni. Mstari mmoja wa ziada hautamwumiza mtu isipokuwa anayeuficha.

Nimalizie na msomaji wetu. Amwendee fundi wake aombe konrodi zilizotolewa, azilaze sambamba juu ya kioo cha meza na kuzilinganisha. Ile iliyopinda itakuwa fupi kuliko wenzake au itacheza. Akiipata, bili ile ilikuwa halali na mwenye makosa ni stata. Zote zikilingana na kulala sawa, azilete hapa Light Industries, na tutaenda pamoja kumuuliza mwenzangu. Na huyo jirani wa oili na vichujio anayesifiwa sana, nina shaka kama kuna aliyemfungulia difu. Alegeze nati ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, ndiyo yatakayotangulia kutoka. Akiyaona, asiende na mzigo popote. Aje, na kazi hiyo ya kuangalia sitamtoza.

Fundi wa dizeli,
Kariobangi Light Industries, Nairobi
(Jina nimemwachia Mhariri)