Nyumba kongwe za Moshi zisipimwe kwa mwaka 1863

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie maduka na nyumba kongwe za katikati ya mji wa Moshi, zinazobomolewa au kukandikwa saruji mpaka hazitambuliki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kwa Kilwa kipimo hicho kina maana. Moshi reli kutoka Tanga ilifika 1911, kwa hiyo hakuna duka wala stesheni ya hapa itakayokifikia, hata tungoje miaka mia nyingine. Njia iliyobaki katika sheria hiyo ni Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale kutangaza jengo mojamoja kwenye Gazeti la Serikali.

Tutazame Bo-Kaap, mtaa wa Cape Town uliozaliwa enzi za Waholanzi. Mwaka 1763 Jan de Waal alianza kujenga pale vijumba vya kupangisha, na kimoja cha 1768, Wale Street namba 71, leo ni makumbusho. Baadaye mtaa ukawa wa Waislamu, wengi wao wazao wa watumwa na wafungwa walioletwa kutoka Indonesia, India na Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal ulianzishwa huko 1794, na imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, alikuwa ameandika Kurani nzima kwa kichwa akiwa kifungoni Robben Island. Nyumba hizo ni za watu wa kawaida, na ndiyo maana tunazitaja: urithi si boma na kanisa tu.

Zimesimama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Kwa sheria yake ya 1999, Afrika Kusini hairuhusu kubadili wala kubomoa jengo lolote lenye zaidi ya miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi.

Ya pili ni chokaa, ambayo kule ilichomwa kutokana na makombe ya baharini. Ukuta wa mawe au matofali mabichi hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea: rangi hufanya malengelenge, chumvi hutoka, lipu huachana na ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole, usawa wa goti. Ikilia kama mtungi mtupu, imeshaachia. Bandua kwa tindo, acha ukuta ukauke vizuri, kisha changanya debe 1 la chokaa iliyozimwa na madebe 3 ya mchanga mkali uliochekechwa. Lowesha ukuta, piga mikono (yaani matabaka ya lipu) miwili au mitatu, kila mmoja usizidi milimita 10, na ufunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku kadhaa. Ukipigwa jua kali ungali mbichi, utapasuka. Usimalizie kwa rangi ya mafuta, maana nayo huziba kama saruji, paka chokaa.

Ombi letu kwa Manispaa ni sheria ndogo moja: anayetaka kubomoa au kubadili jengo lenye zaidi ya miaka 60 alete kwanza picha za pande zote nne, mchoro wenye vipimo, na maoni ya maandishi ya wataalamu wa Mambo ya Kale. Kazi ianze na mitaa ya karibu na stesheni, ambako kuta nyingi za zamani bado hazijaguswa na saruji.

Wasomaji wako,
Moshi