Kesho tunaingia Nazareti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda Kana, tutapita Nazareth Village, makumbusho ya wazi yaliyojengwa kama Nazareti ya karne ya 1. Naomba sana tusiende pale kwa haraka ya kupiga picha. Kuna shinikizo la divai la kale lililochongwa kwenye mwamba: zabibu zilikanyagwa juu, maji yake yakateremka hadi kwenye shimo la chini. Hilo halikujengwa kwa ajili ya wageni, wataalamu wa mambo ya kale walilikuta papo hapo kilimani. Ukisimama kando yake, mfano wa shamba la mizabibu unauelewa kabisa.

Mtawakuta seremala, mfumaji wa sufu, na jiwe la kuponda zeituni linalozungushwa na punda. Ulizeni maswali! Akina mama mnaofuma, sogeeni karibu na mfumaji. Ndani ya sinagogi tutaketi tusome Luka 4. Mzee wetu wa kanisa, tafadhali jiandae.

Vaeni viatu vya kufunga na kofia, njia ina mawe na mteremko. Wenye shida ya magoti waniandikie leo kabla ya saa tatu usiku.